Kaseti Feki Ndizo Zetu

Leo naomba tuweke kando hifadhidata na lugha za programu. Nataka tuzungumze kuhusu gemu za zamani, na hasa huu mchezo wa kuzikusanya. Umebadilika sana miaka ya karibuni, na sisi wa Pwani tunaufuata kwa nyuma bila kujiuliza unaelekea wapi.

Hoja yangu naitoa mapema, ili hata asiyefika mwisho awe nayo. Mtu wa Kwale anayetaka kukusanya gemu za zamani aanze na zile zilizochezwa Kwale. Asianze na maboksi ya Kijapani anayoyaona YouTube. Aanze na TV gemu za Kichina, kaseti za "9999 kwa 1", CD za kuchoma za PlayStation, na gemu za Java za simu za vitufe. Najua watu wanaziita feki. Mimi nasema hizo feki ndizo historia yetu, na ndizo zinazokufa haraka kuliko zote.

Tuanze na hali ilivyo huko nje. Zamani mkusanyaji alikuwa mtu anayependa kucheza. Alinunua kaseti kuukuu kwa sababu alitaka kuichomeka na kucheza. Baadaye zikaja kampuni za kupima hali ya gemu na kuipa alama, kisha kuifungia ndani ya plastiki ngumu isifunguliwe tena. Mwezi wa Julai 2021 kopi moja ya Super Mario 64 ambayo haijafunguliwa iliuzwa kwenye mnada wa Heritage Auctions, Marekani, kwa dola milioni 1.56. Mwezi uliofuata kopi ya Super Mario Bros. nayo ikauzwa kwa dola milioni 2. Hebu fikiria: gemu ya dola milioni mbili, na ukiicheza tu thamani yake inaporomoka! Hapo hakuna gemu tena, kuna hisa ya soko iliyofungwa kwa nailoni.

Badiliko la pili ni duka la mtandaoni. Gemu nyingi siku hizi hazina kaseti wala CD. Unalipa, inashuka, unacheza, mpaka siku mwenye duka atakapofunga mlango. Nintendo walifunga maduka ya 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023, na gemu ambazo hazikuwahi kutoka kwenye kadi au CD zikakosa mahali pa kununuliwa. Mwaka huo huo Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini humo haziuzwi tena kihalali popote. Hiyo ni Marekani, nchi yenye maktaba, vyuo vikuu na wanasheria. Sasa jiulize za Ukunda na Msambweni nani anazihesabu.

Haya, turudi nyumbani.

Mashine nyingi tulizozijua kwa jina la TV gemu hazikuwa za Nintendo. Nintendo walitoa Famicom yao Japani mwezi wa Julai 1983, na wakaipeleka Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES. Viwanda vya Taiwan na China vikainakili. Mwanzoni walitumia chipu kadhaa kama ile ya asili, baadaye wakaziunganisha zote ndani ya chipu moja na kuimwagia tone la epoksi nyeusi juu. Ukifungua TV gemu ukakuta tone jeusi kama lami katikati ya bodi, hiyo ndiyo mashine nzima. Kaseti zake zina pini 60 kama za Famicom ya Japani, wakati NES ya Marekani ina pini 72. Mashine za namna hii zilienea duniani kote. Poland waliziita Pegasus. Urusi, kuanzia mwaka 1992, waliziita Dendy. Sisi tuliziita TV gemu tu, kila boksi na picha yake ya kudanganya ubavuni.

Na kaseti je? Imeandikwa 9999 kwa 1, ukihesabu gemu za kweli hazijazi hata vidole vya mikono na miguu. Zilizobaki ni zile zile zimerudiwa, moja inaanza hatua ya tatu, nyingine umeongezewa maisha, nyingine imebadilishwa rangi. Battle City ya Namco ya mwaka 1985 imegeuzwa Tank 1990. Kuna Contra, kuna Road Fighter, kuna Circus Charlie, kuna Mario. Wakusanyaji wa nje wakiona kaseti hiyo wanacheka na kuitupa. Mimi kama mwandishi wa programu naiangalia kwa jicho jingine kabisa.

Sababu ni hii. Famicom kwa wakati mmoja inaona kilobaiti 32 tu za programu na kilobaiti 8 za picha. Super Mario Bros. inajaza nafasi hiyo hasa, kilobaiti 40 kwa jumla. Ukitaka kuweka gemu ishirini ndani ya kaseti moja lazima uongeze saketi ya kubadilisha kurasa za kumbukumbu, kisha uandike menyu ya kuchagulia, kisha uhakikishe kila gemu inaamka ikidhani iko peke yake. Kila kiwanda kilikuwa na njia yake. Kuna mtu alikaa mahali fulani, akaandika menyu ile kwa lugha ya mashine, akaitungia muziki, akaiuza dunia nzima, wala jina lake hatulijui. Kazi yake imo ndani ya kaseti hiyo, na kaseti ikioza bila kusomwa kazi hiyo inapotea. Super Mario Bros. haitapotea, ina kopi mamilioni na mwenyewe analinda. Menyu ya kaseti yako hailindwi na mtu.

Sasa kuna jambo la kiufundi linalonisisimua zaidi, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Famicom ya Japani inachora picha 60 kwa sekunde. Kenya tulitumia mfumo wa televisheni wa PAL, wa picha 50 kwa sekunde, na TV gemu zilizotengenezwa kwa PAL zilifuata hiyo 50. Gemu nyingi za wakati ule huhesabu mwendo wake kwa picha: picha moja, hatua moja, picha moja, noti ya muziki inasogea. Kwa hiyo Mario wetu alikimbia taratibu kuliko wa Tokyo kwa sehemu moja ya sita, na muziki wake ulikwenda taratibu vilevile. Lakini unene wa sauti unatokana na kasi ya kichakato. NES rasmi ya PAL iliyouzwa Ulaya ilikuwa na kichakato cha takriban megahezi 1.66, kwa hiyo sauti yake ilishuka. Mashine hizi za kunakili ziliwekwa megahezi 1.77, karibu sawa na 1.79 ya Japani. Matokeo yake ni muziki wa mwendo wa polepole wenye sauti ya Kijapani. Mchanganyiko huo mchezaji wa Japani hakuusikia, wa Marekani hakuusikia, wala wa Uingereza aliyenunua NES dukani hakuusikia. Aliyekulia na mashine hizi ndiye anayeujua.

Ukipakua leo emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, kama Mesen au FCEUX, utakuta chaguo tatu za kanda: NTSC, PAL na Dendy. Hiyo ya tatu ndiyo mwendo niliousema. Kwa nini imepewa jina la Kirusi? Kwa sababu Warusi walizipenda mashine zao feki, wakazifungua, wakazipima, wakaandika. Hawakuona haya. Sisi tunapotaka kusikia gemu za utotoni mwetu kama zilivyokuwa inabidi tuchague jina la Dendy. Sisemi tudai jina. Nasema anayeandika ndiye anayekumbukwa, na sisi bado hatujaandika.

Na muda hautungoji. Huku kwetu adui wa kwanza ni chumvi. Ukiishi Diani unajua mabati, feni na bawaba zinavyoliwa na upepo wa bahari. Pini za kaseti ni shaba iliyopakwa metali nyembamba, na unyevunyevu wenye chumvi unaitafuna kidogo kidogo. Ile tabia ya kupuliza kaseti kwa mdomo nayo iliongeza unyevunyevu juu ya unyevunyevu. Kilichosaidia hasa ni kule kuitoa na kuichomeka upya, pini zikagusana vizuri. CD za kuchoma zina hali mbaya zaidi, kwa sababu data yake imeandikwa kwenye rangi ya kikemikali isiyopenda joto, mwanga wala unyevunyevu, na hivyo vitatu ndivyo tulivyonavyo kwa wingi. Zile za vibanda vya PS, zenye jina la gemu kwa kalamu ya wino mzito, ndani yake mna matoleo ya Winning Eleven ambayo watu wasiojulikana waliyabadilisha vikosi na majina ya wachezaji. Kila siku moja inakataa kusoma.

Adui wa pili ni kupotea kwa televisheni za kisogo, ambazo ndugu zetu wa Tanga huziita chogo. Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka 2015, kisha TV bapa zikashuka bei, na vile visogo vikaanza kutupwa. Juzi nilimkuta fundi mmoja Ukunda, mtu mzima, anang'oa shaba nyuma ya TV ya inchi 14.

"Shikamoo mzee. Hiyo haiwaki?"

"Marahaba mwanangu. Yawaka vizuri tu. Lakini nani aitaka?"

Na kweli, nani anaitaka? Shaba ina mnunuzi wa kupima kwa kilo. Lakini bila TV hiyo, bunduki ya kupigia bata haifanyi kazi kabisa. Unapovuta kidole gemu inatia giza kioo chote, kisha inachora kisanduku cheupe pale bata alipo, na jicho lililo ndani ya bunduki linatazama kama limeona mwanga wakati ule ule. TV bapa inachelewesha picha kwa sababu inaichakata kwanza, kwa hiyo bunduki inatazama giza. Hakuna kebo ya kurekebisha hilo. Kila kisogo kinachovunjwa kinaondoka na bunduki yake.

Halafu kuna gemu za Java, ambazo naona hata wakusanyaji wenyewe hawazitaji. Kabla ya simu za Android kuenea, kabla ya IDEOS ya Huawei iliyouzwa kwa bei nafuu mwaka 2011, gemu ilikuwa faili ya JAR. Simu za mwanzo za Nokia Series 40 zilikubali faili ya kilobaiti 64 tu, na ndani yake mtu aliingiza mbio za magari, milio na picha. Mimi nikituma leo picha moja ya WhatsApp nimemaliza nafasi hiyo mara kadhaa. Gemu moja ilitolewa kwa matoleo mengi kulingana na ukubwa wa kioo, 128 kwa 128, 176 kwa 208, 240 kwa 320, na kila moja ni kazi tofauti. Zilipitishwa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, darasani, stendi, kwenye feri ya Likoni.

Humo ndimo zilimo na za kwetu wenyewe! Ma3Racer, gemu ya kuendesha matatu iliyotengenezwa na Planet Rackus ya Nairobi, ilitolewa kwa simu za Nokia mwanzoni mwa miaka ya 2010. Duka la Nokia likafungwa mwaka 2015 na wateja wakaelekezwa kwa Opera. Kwenye kompyuta, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya 3D iliyoandikwa Kenya wakati ambapo wengi wetu tuliamini gemu ni kitu kinachoshuka melini. Mkusanyaji wa Kenya mwenye Mario tano rafuni na hana hata moja ya hizi, mimi namshangaa. Siyo kosa lake peke yake. Ameonyeshwa kwamba thamani inatoka nje.

Najua kuna watakaosema nasifia wizi. Tusizunguke. Waliotengeneza kaseti hizo hawakumlipa Nintendo, Konami wala Namco, na waandishi wa gemu zile hawakupata senti. Mimi naishi kwa kuandika programu, siwezi kufurahia hilo. Lakini historia haichagui. Hatuwezi kuandika kwamba Pwani ilicheza NES rasmi kwa sababu tu inapendeza. Na tuangalie sheria inavyokwenda: kwa Marekani, hakimiliki ya kazi ya kampuni hudumu miaka 95 tangu kutolewa, kwa hiyo Super Mario Bros. ya mwaka 1985 italindwa hadi mwisho wa mwaka 2080. Mwezi wa Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya huko ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwafungulia watafiti gemu za zamani kwa njia ya mtandao. Sawa, hiyo ni haki yao. Lakini kaseti iliyo Msambweni haiwezi kusubiri mpaka 2080. Kusoma kaseti unayoimiliki na kutunza nakala ili isife ni jambo moja. Kuuza faili za watu kwenye flashi ni jambo jingine. Mimi natetea la kwanza.

Wengine watasema, kwani shida iko wapi, si nunua SUP yenye gemu 400 au zile fimbo za kuchomeka nyuma ya TV? Nunua, wala sikukatazi, watoto wanafurahi. Lakini humo hutapata menyu ya kaseti yako, wala mwendo wa picha 50, wala bunduki. Ni jamaa wa TV gemu, hilo nakubali. Ila mjukuu hawezi kutoa ushahidi wa mambo aliyoyaona babu yake.

Sasa tufanye nini? Nitaje machache ambayo mtu wa kawaida anaweza.

Kwanza, uliza nyumbani kabla ya kuagiza nje. Chini ya vitanda na juu ya makabati ya Ukunda, Tiwi na Lunga Lunga kuna maboksi yanayosubiri kutupwa. Ukiipata kaseti usiipulize. Safisha pini kwa pamba na spiriti kali isiyo na maji mengi, iache ikauke, kisha itie kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu. CD ziwe wima, gizani, mbali na dirisha.

Pili, piga picha kila kitu: boksi, kibandiko, bodi ya ndani pande zote mbili. Kibandiko kina makosa ya Kiingereza na picha za kuibwa, na hiyo ndiyo alama ya kiwanda. Andika ilinunuliwa wapi na mwaka gani, kama mwenyewe anakumbuka. Maelezo hayo hayapatikani kwenye chipu.

Tatu, kwa sisi wa kompyuta: kuna mashine za kusomea kaseti ambazo ramani zake ziko wazi kwa kila mtu, kama Cart Reader ya Sanni inayotumia Arduino. Kaseti za gemu nyingi zinasumbua kwa sababu ya zile saketi za kurasa nilizozieleza, lakini wiki ya NESdev imeorodhesha mamia ya mipangilio hiyo. Ukikuta ambayo haimo, umefanya kazi ya maana kuliko kununua boksi lililofungwa. Faili za JAR ni rahisi zaidi: washa ile Nokia ya zamani, zitoe kwenye kadi ya kumbukumbu, zijaribu kwa J2ME Loader kwenye Android. Fanya hivyo kabla betri haijavimba.

Nne, ukiona TV ya kisogo nzima, itafutie nafasi. Usiifungue mwenyewe, ndani yake umeme mkali hubaki hata ukishaichomoa. Mwachie fundi, na umlipe kidogo zaidi ya thamani ya shaba. Fundi anayejua kuzirekebisha naye ni hazina, na hana mwanafunzi.

Tano, hili ni la wakubwa. Kenya ina sheria ya vitabu na magazeti inayomtaka mchapishaji apeleke nakala serikalini zihifadhiwe. Haikuandikwa kwa kufikiria gemu. Anayetengeneza gemu Nairobi au Mombasa leo anaiweka kwenye duka la Google, na duka likiitoa imekwenda. Watengenezaji wetu wangeweza kuanza wenyewe, bila kungoja Bunge: nakala moja ya faili na msimbo wake ipelekwe maktaba ya chuo kikuu chochote kitakachokubali kuitunza.

Boksi la dola milioni mbili litatunzwa, msiwe na wasiwasi, lina bima na kiyoyozi. Hii ya kwetu haina bima. Kama una kaseti ya 9999 kwa 1, nenda kaitazame pini zake leo kabla jua halijatua. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuisoma kwa Arduino.